Mdogo wangu alinipa kompyuta, lakini programu ya kampuni imegoma kutoka

BARUA

Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 41 na nimeolewa. Ninaandika kuhusu jambo ambalo wengine wataliona dogo kwa kuwa linaanzia kwenye kompyuta, lakini limeninyima usingizi kwa miezi mitatu, na sasa limeingia kati yangu na mdogo wangu wa tumbo moja.

Mwishoni mwa mwaka jana mdogo wangu, ambaye alikuwa akifanya kazi katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, alimaliza mkataba akaja kwetu kupumzika. Alinikuta usiku nikijumlisha hesabu za kikundi chetu cha VICOBA kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu na ya nyekundu. Siku ya kuondoka aliniachia kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia, akanifungulia akaunti yenye jina langu, akaniambia, "Dada, hii sasa ni yako, mimi nitatafuta nyingine." Nililia. Huyu ni kijana niliyemsomesha kidato cha tano na cha sita kwa mshahara wangu, na niliona kama Mungu amenirudishia kwa mkono wake.

Kikundi chetu kina wanachama 26 na mimi ndiye mhasibu. Hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii, vyote nimevihamishia kwenye kompyuta hiyo, na kaunta buku nimeacha kuiandika tangu Februari. Tunakaribia kuvunja mzunguko na kugawana.

Jumamosi moja nilikwenda steshenari kuchapisha taarifa ya hisa ya kila mwanachama. Nilichomeka fleshi, na pembeni chini ya kioo pakatokea kisanduku chekundu kilichosema kuwa kifaa hicho kimezuiwa na msimamizi wangu. Nilitoa fleshi, nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikaichomeka kwenye tundu la pili. Kisanduku kikarudi. Nilijiuliza, msimamizi wangu ni nani? Wanachama walikuwa wananisubiri kwenye kikao, nikawaambia kwamba printa ya steshenari imeharibika.

Kisanduku hicho kinatoka kwenye programu ya ulinzi ambayo mdogo wangu aliikuta au aliwekewa kazini. Ina alama ndogo karibu na saa, na kila asubuhi inanionya kwamba haijawasiliana na seva yake kwa siku nyingi. Nilifungua Settings, nikaenda kwenye orodha ya programu, nikabonyeza Uninstall, ikanidai nenosiri. Nilijaribu jina la mdogo wangu, mwaka wake wa kuzaliwa, hata jina la marehemu baba. Nikajaribu kufuta folda yake yote, nikaambiwa sina ruhusa. Nikajaribu kuizima kwenye Task Manager, ikakataa. Hatimaye, usiku mmoja yapata saa tano, nilipakua kutoka mtandaoni programu ya bure iliyotangazwa kuwa inaondoa programu sugu zote. Haikuiondoa. Badala yake kivinjari changu sasa kinafungukia ukurasa nisioujua, na kuna programu mbili mpya, mojawapo ikidai kwamba imekuta makosa zaidi ya elfu moja kwenye kompyuta na kwamba nilipie ili iyasafishe.

Fundi wa mjini ameniambia kwa shilingi 40,000 atapiga Windows upya na kila kitu kitafutika. Nilimwandikia mdogo wangu kumwomba nenosiri. Alisoma ujumbe, nikaona tiki mbili za buluu, lakini alinijibu baada ya siku nne: "Dada achana na hilo nenosiri, peleka kwa fundi apige Windows, yaishe." Tangu hapo nikimpigia simu anasema yuko kwenye kelele, atanipigia. Mume wangu anasema nilichopewa ni changu, fundi yupo, pesa ipo, ninangoja nini.

Ninachongoja ndicho ninachoshindwa kukitaja. Ninaogopa kwamba kompyuta hii aliichukua. Nikimbana, huenda nikajua nisichotaka kukijua, na mama yetu ana presha. Nisipombana, kila nikiifungua ile alama inanitazama. Naomba unieleze namna ya kuiondoa programu hii kabisa, mpaka mzizi wake, na kama inafaa nimuulize mdogo wangu au ninyamaze.

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Katika barua yako yote nimekaa zaidi kwenye swali ulilojiuliza pale steshenari, ukiwa na fleshi mkononi: msimamizi wangu ni nani? Naona kwamba maswali yako mengine mawili, la programu na la mdogo wako, yote yanakutana hapo. Umeniomba njia ya kung'oa programu, na nitakueleza ninachokijua, lakini niruhusu nianze na programu yenyewe ilivyo, kwa sababu barua yako inaielezea kama gonjwa lililoingia kwenye mashine, nami nadhani ni kitu kingine.

Programu inayokataa kuondoka bila nenosiri, inayozuia fleshi na kulalamika kwamba haijaonana na seva, kwa maelezo yako inafanana kabisa na ulinzi ambao kampuni huweka kwenye kompyuta za wafanyakazi wao. Huanza kufanya kazi pamoja na kiini cha Windows, kabla hata hujaandika nenosiri lako la kuingilia, na hulinda mafaili yake, huduma zake na maandishi yake katika rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Ndiyo maana folda ilikataa kufutika na Task Manager haikuiweza. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa kuwa mwizi wa mtandaoni akiingia kwenye kompyuta jambo la kwanza analotafuta ni kumwondoa mlinzi. Mlinzi wa getini haondoki lindoni kwa sababu aliyemo ndani ya nyumba amemwambia nenda, anamsikiliza aliyemwajiri. Nenosiri unalolitafuta, kwa hiyo, huenda mdogo wako hajapata kulijua hata siku moja, kwani kwa kawaida hukaa ofisini kwa watu wa TEHAMA. Ulipomwomba akanyamaza siku nne, yawezekana hakuwa akikuficha nenosiri, bali alikuwa na aibu ya kusema kwamba hanalo, na kwamba kulipata kunamtaka arudi kwa watu aliokwisha kuagana nao.

Hapo ndipo ningependa tulipime kwa upole lile neno ulilosema unashindwa kulitaja. Umelitaja, na umefanya vizuri. Lakini baina ya "alipewa" na "aliichukua" kuna njia nyingi. Baadhi ya kampuni humwachia mfanyakazi anayeondoka mashine iliyokwisha kuzeeka, na watu wa TEHAMA wakasahau kuitoa kwenye orodha yao. Kama ndivyo ilivyokuwa, programu hiyo ni masalia tu na kuiondoa ni kazi ya dakika chache kwa aliye na mamlaka. Wako pia wanaoondoka wakidai mshahara au kiinua mgongo, wakabaki na mashine wakiihesabu kuwa sehemu ya haki yao; hao hawajioni wezi, ingawa kampuni inaweza kuwaona vingine. Wako wanaoondoka na mashine mkobani, hakuna anayeiulizia, wiki zikageuka miezi. Na iko pia hofu yako. Sijui mdogo wako yuko katika kundi gani, na wewe hujui. Tiki mbili za buluu haziwezi kutuambia.

Sasa tuje kwa fundi na shilingi zake 40,000, maana mume wako na mdogo wako wote wanakusukuma huko, nami sisemi kwamba wamekosea. Kwa programu sugu za kawaida, kupiga Windows upya ndiyo njia safi kuliko zote. Ninachotaka ukijue ni kwamba kwa kompyuta iliyotoka kazini, ahadi ya kwamba kila kitu kitafutika ina mashimo. Microsoft ina huduma iitwayo Windows Autopilot, ambayo kampuni husajili humo kompyuta zake kwa alama za vifaa vyenyewe, siyo kwa mafaili yaliyomo kwenye diski. Mashine iliyosajiliwa humo ikishapigwa Windows na kuunganishwa na intaneti, kwa kawaida hufungua ukurasa wenye jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Utakuwa umelipa, umepoteza mafaili, na msimamizi wako bado ni yule yule. Vilevile ipo teknolojia ya kampuni ya Absolute, iliyoanzia Kanada, ambayo mbegu yake huwekwa na watengenezaji kwenye ubao mama wa mashine nyingi za kiofisi. Ikiwa mwenye mashine aliiwasha, hujirudisha yenyewe hata diski ikifutwa au ikibadilishwa. Tena kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48 katikati ya kazi, na ufunguo huo ukawa uko ofisini Dar es Salaam. Hesabu za watu 26 zikiwa ndani ya diski hiyo peke yake, hapo ndipo moyo utakapokudunda kweli.

Yapo pia mambo madogo ya kumuuliza fundi yeyote kabla hajaanza, hata kama mashine ingekuwa ya dukani. Windows atakayoiweka anaipata wapi, na je, ataiwezesha kwa zile programu za magendo ambazo sharti lake la kwanza ni kuzima kinga ya virusi? Ataweka Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, au mashine inaikubali Windows 11? Na wakati anafanya kazi, majina na mikopo ya wanachama wako yatakuwa yamekaa wapi? Ukiamua kuifanya kazi hiyo nyumbani kwa kutumia Reset iliyomo ndani ya Windows, fahamu kwamba chaguo la kubakiza mafaili huondoa programu zote ulizosakinisha, na chaguo la kupakua Windows kutoka mtandaoni huweza kula zaidi ya GB 4 za bando.

Njia uliyoijaribu wewe, ya kung'oa kwa mkono, inanihuzunisha kidogo kwa sababu naona ulivyohangaika peke yako usiku ule. Ina hatari ambayo watu hawaambiwi. Programu za ulinzi hujipachika kwenye mnyororo wa viendeshaji, yaani programu ndogo zinazoiunganisha Windows na vifaa, ambamo taarifa za mtandao, za diski na za fleshi hupita; ukikata pete moja bila kuziunganisha zilizobaki, mnyororo wote unaachia. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliweka kwenye baadhi ya CD zake programu ya kuzuia kunakili, iliyojificha ndani ya Windows bila mwenye kompyuta kujua. Mtaalamu wa Windows wa Marekani, Mark Russinovich, aliigundua mwezi Oktoba kwenye mashine yake mwenyewe. Alipoiondoa kwa mkono, kiendeshi chake cha CD kikatoweka kwenye kompyuta, na ikambidi aingie kwenye rejista kuifuta programu hiyo katika mnyororo ndipo kiendeshi kirudi. Huyo ni mtu anayeijua Windows mpaka uvunguni. Kwa programu yako, inayolindwa na nenosiri, nakusihi usiendelee na njia hii, wala usitafute mtandaoni mbinu za kulivuka nenosiri hilo. Mashine inaweza kubaki nusu: mlinzi hayupo, mtandao haupo, na kinga ya Windows yenyewe haijajua kwamba zamu sasa ni yake. Na kama ikija kubainika kwamba mashine ni ya kampuni, kuvunja kinga yake kunaweza kukuweka wewe, mwalimu, mahali pabaya mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Zile programu mbili zilizoingia usiku ni habari nyingine kabisa. Hizo hazina mwenyewe wa kuulizwa, na unaweza kuziondoa bila kumngoja mtu. Makosa elfu moja zinayodai kuyaona yasikutishe. Kwa sehemu kubwa huwa ni maandishi ya zamani katika rejista yasiyodhuru kitu, na Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista. Anza kwenye orodha ya programu, uipange kwa tarehe ili zilizoingia usiku ule zikae pamoja, kisha uziondoe moja baada ya nyingine pamoja na ile uliyoipakua mwenyewe. Zikikuuliza kama una uhakika, soma kila kitufe kabla ya kubonyeza, kwa kuwa nyingine huweka kitufe kikubwa cha rangi cha kubaki na kidogo cha kijivu cha kuondoka. Ianzishe kompyuta upya kwa kubonyeza Restart, siyo kuizima na kuiwasha tu, kabla ya hatua inayofuata, kwani faili likiwa linatumika Windows huliweka kando mpaka mashine ianze upya. Halafu ingia kwenye kivinjari, uondoe viongezo usivyovijua, na urudishe ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji. Watu wengi huishia hapo, na baada ya siku mbili ukurasa ule unarudi, kwa sababu programu ya namna hii hupenda kuacha kazi iliyopangwa katika Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, au jina lake katika orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na Windows. Kagua kote kuwili. Folda zake zilizobaki utazikuta ndani ya ProgramData na AppData, ambazo Windows huzificha mpaka uamuru zionekane. Futa tu ile yenye jina la programu uliyokwisha kuiondoa, na ukiwa na shaka iache.

Ikishindikana, Microsoft inatoa bure chombo cha kurekebisha uwekaji na uondoaji wa programu ulioharibika, pamoja na Autoruns, ambayo Russinovich huyo huyo ni mmoja wa walioitengeneza, na ambayo huonyesha karibu kila kitu kinachojianzisha kwenye mashine. Itazame ukiwa na mtu anayeijua, kwa sababu humo utaliona pia lile jina la kampuni ya ulinzi, na mkono unaweza kushawishika. Na hata programu ikishatoka, inaweza kuacha kitu nyuma. Mwaka 2015 iligundulika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Walioiondoa kwa njia ya kawaida walibaki na cheti chake cha usalama ndani ya Windows, ambacho kiliwawezesha wadanganyifu kuigiza tovuti yoyote, hata ya benki, na kikalazimika kuondolewa peke yake. Ndiyo maana ningebadilisha nywila za barua pepe na za benki, tena kwa kutumia simu na siyo kompyuta hiyo.

Iko njia ya tatu, ambayo ndiyo fupi kitaalamu na ndefu kwa moyo: kampuni yenyewe iiachilie mashine. Mtu wa TEHAMA anaweza kutoa nenosiri, au kutuma amri ya kuiondoa programu mashine ikiwa mtandaoni, na kuifuta kwenye orodha za usajili nilizozitaja. Anachohitaji ni namba ya mashine iliyo kwenye karatasi ndogo upande wa chini, na uthibitisho kwamba waliikabidhi kwa mdogo wako. Barua fupi ya kukabidhiwa ikipatikana, hata ikiwa imechelewa, kompyuta itakuwa yako kwa namna ambayo hakuna Windows mpya inayoweza kuifanya. Njia hii nayo ina hatari, nisikufiche. Kampuni inaweza kuitaka mashine yake. Inaweza, ikiwa ina mamlaka hayo, kuifunga au kuifuta ikiwa mbali, mara tu itakapoonekana mtandaoni. Na mdogo wako anaweza kuona kwamba dada yake amemchongea. Kwa hiyo sidhani kama ni wewe unayepaswa kuwapigia. Akikubali, ni yeye, na ni baada ya hesabu za kikundi kuwa mahali pengine salama.

Kuhusu kumuuliza, umeniwekea mambo mawili, kumbana au kunyamaza. Najiuliza kama hakuna la tatu. Ulimsomesha, na kwa hiyo kila swali lako kwake lina uzito wa ada ulizolipa, hata kama wewe hulikusudii hilo. Kijana aliyemletea dada yake zawadi ya kwanza kubwa maishani mwake, kisha akaulizwa imetoka wapi, anaweza kusikia kwamba hata zawadi yake haitoshi. Labda usiulize juu yake, uulize juu ya mashine: "Mdogo wangu, kompyuta inaniambia msimamizi wake ni mtu mwingine, na hesabu za watu zimo ndani. Nisaidie tumpate." Ni kweli tupu, na inamwachia nafasi ya kusimama upande wako. Kama simu inamtia kelele, mngoje aje, au tuma ujumbe wa sauti ausikilize akiwa peke yake. Mama yenu hana haja ya kuwemo katika mazungumzo haya kwa sasa.

Anaweza kukueleza, na maelezo yake yakakutosha. Anaweza kukuambia jambo linalouma, na hapo mtakuwa wawili mnaoamua kama mashine irudi, ilipiwe, au iombewe barua. Anaweza pia kuendelea kukwepa, na wewe ukabaki na hiari ya kuifunga na kuiweka kabatini, ukarudi kwenye kaunta buku mpaka mzunguko uvunjwe. Sitakuamulia kati ya hayo, kwa kuwa ni wewe utakayekaa naye mezani Krismasi. Ninachokiona ni kwamba katika njia zote tatu wanachama 26 wanahitaji kitu kile kile, nacho hakimngoji mdogo wako: nakala ya hesabu zao nje ya mashine isiyokutambua. Na mwenyekiti wa kikundi chenu, nadhani, angependelea kusikia kwamba kompyuta ina kasoro kuliko kuja kugundua kwamba printa haikuwa imeharibika.

Programu za ulinzi za kampuni hutofautiana. Nyingine hukinga virusi tu, nyingine huripoti tovuti ulizotembelea na programu ulizofungua. Kwa hiyo jioni ya leo, jitumie lile jedwali la hisa kwa barua pepe, ulifungue kwenye simu uhakikishe limefika zima, kisha ulinakili majumlisho yake kwenye kaunta buku. Baadaye fungua Settings, uingie Accounts, uende palipoandikwa Access work or school. Ukilikuta jina la kampuni hapo, usibonyeze Disconnect. Lipige picha kwa simu, pamoja na ile karatasi ya namba iliyo chini ya mashine. Usipolikuta, bado haijathibitisha kwamba mashine haijasajiliwa, lakini utakuwa na la kumwambia mdogo wako zaidi ya ile alama iliyo karibu na saa. Niandikie tena mkishazungumza.